Kitanda cha Uani

Jembe lilipogonga, lililia kama kengele.
Chini ya ua wetu, hapa Kuze, udongo hakuna:
kuna vumbi la vidole viwili, kisha matumbawe,
jiwe lile lile lililosimamisha kuta za nyumba.
Waliotutangulia walilichimba wakapata vyumba,
sisi wakatuachia kisima cha maji ya chumvichumvi,
ya kuoshea vyombo, si ya kunyweshea kiumbe.

Basi nikakitoa kitanda cha mama.

Miaka mitatu alikilalia. Wa nne kikabaki tupu
chumba cha nyuma, na kila aliyekuja hitimani
alikipita kwa ubavu.
Mwanahalima, dada yangu, akasema kiuzwe.
Shee akasema apewe maskini.
Akaja maskini mwenyewe, akauliza, "Nani kakifia?"
Akaenda zake.

Nikayakata matendegu yakabaki shubiri mbili.
Nikakizungushia mbao za bandarini
zenye muhuri wa lugha nisiyoijua,
na pale palipokuwa na godoro nikatandika makumbi.
Tsuma akaleta udongo kutoka Rabai, viroba kumi na kimoja,
mwekundu, una vipande vya mizizi ya muhogo
na jongoo mmoja, mzima.
"Usiushindilie," akasema. "Uache ulale wenyewe."
Nikamlipa. Sikumwambia kitanda ni cha nani.

"Wataka kulima kitandani?" Mwanahalima akacheka.
"Utavuna nini, usingizi?"

Mbegu nilizianzia jikoni, dirisha la mashariki,
kwenye trei ya mayai
na vile vikopo vya dawa alivyoviacha,
nimevitoboa tako kwa msumari wa moto.
Nyanya, bilinganya, pilipili mbuzi.
Kishimo cha kina cha ukucha, mbegu mbili,
udongo mwembamba juu, gazeti la kufunika,
na maji ya kununua kwa mtungi
niliyoyanyunyiza kwa ncha za vidole
kama marashi kwa wageni wa harusi.

Siku ya sita, kimya.
Ya saba nyanya ikatoka, shingo imepinda,
ganda la mbegu kichwani
kama mtu aliyeingia ndani akasahau kuvua kofia.
Nikaita, "Mama!"
Ulimi hausikii habari upesi.

Kundi lile la kwanza lilikufa lote.
Lilioza shingo, likalala chali alfajiri moja,
na kosa halikuwa la jua wala la mbegu.
Mkono uliozoea kumnywesha mgonjwa kila saa
haujui kukoma.

Nikaanza tena. Safari hii kidole kwanza:
kikitoka kikavu, maji; kikitoka na udongo, ngoja.
Penye miche miwili nikaung'oa mmoja,
na sikuchagua vizuri kila mara.
Ilipotoa majani yake ya kweli nikaitoa nje,
siku ya kwanza nusu saa, ya pili saa nzima,
kivulini, kisha mahali jua linapopita,
ijue kwamba dunia si dirisha la jikoni.

Jioni ya Alhamisi nikaihamishia kitandani.
Asubuhi ya Ijumaa kunguru wakang'oa mitano,
wakaipanga juu ya ukuta kama mali ya mnada,
hata hawakuila.

Nikafungua kasha. Nikasimamisha fito nne pembeni
nikakitungika chandalua chake, kile cha buluu,
chenye kiraka alichokishona mwenyewe.

Mwanahalima alikuja baada ya wiki mbili, hakubisha hodi.
Nilimwona kutoka jikoni.
Alivua viatu. Pale uani, juu ya mawe, alivua viatu.
Akainua chandalua kwa vidole viwili,
akaingiza kichwa, akakaa hivyo.
Nilipofika karibu alisema, sauti ya chini
ya mtu anayechelea kuamsha:
"Huu wa ukutani umelegea. Umeupa maji?"

"Nimeupa," nikasema. "Kidogo."